Anza na ya Watu

Kompyuta ya mezani ikianza kujizima yenyewe hapa Kalokol, mtu wa kwanza atakuambia ni virusi. Wa pili atakuuzia antivirasi. Mimi huanza na vumbi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo naishi kwa kuandika makala na kufungua mashine za watu, kwa hivyo niamini kidogo.

Jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ikijizima baada ya dakika kumi, angalia feni ya prosesa: pengine imeziba, na joto la huku halina msamaha. Ikipiga milio bila kuonyesha picha, chomoa memori, sugua meno yake kwa raba ya penseli, rudisha. Ikikataa kabisa kuwaka, shuku pawasaplai. Stima inayokatika na kurudi kwa kishindo huiua polepole. Lakini ukisikia tak, tak, tak kutoka kwenye diski, wachana na hayo yote. Hapo hutengenezi tena. Unaokoa.

Mashine ya shangazi yangu ilikuwa ikigonga hivyo. Yeye huuza samaki wakavu, na ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama wenzake. Humo ndani mlikuwa na hesabu za mikopo za miaka mitatu, na picha za binamu yangu aliyezama ziwani. Nakala hakuna.

"Shangazi, hii inaweza kufa saa yoyote," nikamwambia. "Tuanze na gani?"

Akanyamaza.

Kalokol inajua mashine zilizokufa. Kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa pesa za Norway kilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikafanya kazi kwa muda mfupi tu. Mitambo ilikuwa mipya. Kilichokosekana ni stima na maji safi ya kutosha, na gharama ya kugandisha samaki ilishinda bei yake. Akina mama wakaendelea kuanika samaki juani. Ndiyo maana shangazi hashangazwi na chuma kinachogoma. Yeye huuliza tu: nani atalala njaa?

"Anza na ya watu," akasema mwishowe. "Hao wako hai, mwanangu."

Hesabu zilinakiliwa zote. Nikahamia kwenye picha. Zilipita kumi na moja, kisha diski ikanyamaza, na feni peke yake ikabaki ikizunguka. Katika ile ya tisa, binamu yangu anacheka, jicho moja limefumba kwa sababu ya jua. Shangazi aliitazama kwa muda mrefu, akasema hiyo inatosha. Sikumwamini, lakini sikumbishia.

Siku hizi chama kina flashi mbili: moja iko kwake, nyingine kwa mwenyekiti. Kila Jumamosi mimi hupita kuhakikisha kwamba zote mbili zinafunguka.