Kwenda kwa Baisikeli: Peke Yako, au Pamoja na Wenzako?

Wanafunzi wawili walitujia siku moja baada ya masomo, kila mmoja ameshika usukani wa baisikeli yake, wakatuomba tuwaamulie ubishi wao. Wa kwanza alisema kwamba kusafiri peke yako ndiko kuzuri: waondoka upendapo, wapumzika upendapo, humngoji mtu. Wa pili alisema kwamba aendaye peke yake ajitafutia balaa. Walidhani kwamba mwalimu atawapa methali moja na kuwarudisha nyumbani. Walakini sisi tulinyamaza kitambo, kwa maana swali lile limetugharimu kuliko walivyojua. Basi tuliyowajibu siku ile twayaandika hapa, labda yatawafaa na wengine.

Kwa miaka kadhaa tulifundisha huko Lubondja, katika nchi ya Fizi, Kivu ya Kusini. Mwenye kuijua nchi ile ajua kwamba baisikeli, au kinga kama watu waiitavyo, si chombo cha matembezi. Ndiyo punda wetu. Hubeba gunia la muhogo, bidoni za mafuta ya mawese, na hata mgonjwa. Kutoka milimani mpaka Baraka, penye soko na Ziwa Tanganyika, njia hupanda na kuteremka na kukata mito. Na majira ya mvua udongo wake hushika magurudumu kama ugali ushikavyo mwiko.

Twakiri kwamba zamani tulikuwa upande wa yule mwanafunzi wa kwanza. Tulilelewa seminarini, tukazoea kimya. Kuondoka alfajiri peke yetu, umande ukingali kwenye majani, kusali njiani bila kukatizwa, kutunga moyoni masomo ya juma lijalo: hayo yalikuwa furaha yetu. Tena tulikuwa na haraka na miguu myepesi, na wenzetu walituchosha kwa kusimama-simama kwao. Wala hatusemi leo kwamba furaha ile ilikuwa mbaya. Mtu asiyeweza kukaa peke yake hata saa moja, huyo naye ana ugonjwa wake.

Lakini mwaka 2018, katika mteremko mrefu, breki yetu ilikatika. Tuliruka ukingo wa njia, tukaanguka bondeni kati ya matete, goti limetenguka, baisikeli juu yetu. Tuliita, hakuna aliyejibu. Jua lilipanda. Tulijua kwamba nyumbani hawatatutafuta mpaka usiku, maana hatukumwambia mtu njia tuliyoishika. Hatimaye walipita vijana watatu na mzee mmoja wakisukuma bidoni za mawese kwenda sokoni. Mzee akaisikia sauti yetu. Akauliza neno moja tu, "Mwalimu, umetoka na nani?" Tulipomjibu kwamba hatukutoka na mtu, alitikisa kichwa, akavua koti lake, akashuka bondeni. Walifunga goti letu kwa kitambaa, wakatuweka juu ya mzigo wao, wakaturudisha kijijini. Soko la siku ile liliwapita, wala hawakutaka kupokea chochote.

Basi tukaapa kwamba hatutakwenda tena peke yetu, tukaona kwamba swali limekwisha. Kumbe lilikuwa halijaanza.

Mwaka uliofuata tulitelemka kwenda Baraka watu watano: walimu wanne na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho. Kijana yule alikuwa amefunga nyuma ya baisikeli yake gunia la karanga. Baba yake aliziuza shamba lake zima la msimu ule katika gunia lile, ili apate ada ya mtihani wa serikali. Baisikeli yake ilikuwa mbovu kuliko zetu zote, na mzigo wake mzito kuliko yetu yote. Mwanzoni tulimngoja. Kisha tukaanza kumngoja kwa kunung'unika. Kisha mmoja wetu akasema kwamba njia anaijua, atatukuta mbele; na sisi tulio wakubwa wake tukakubali, maana mawingu yalikuwa yakikusanyika, nasi tuliogopa mvua. Pampu ya pekee ya msafara ilikuwa katika mfuko wetu.

Alitukuta jioni, akija kwa miguu, mikono mitupu. Mpira wake ulikuwa umetoboka, akawa amesimama peke yake kando ya njia bila pampu wala kiraka. Watu wakatoka porini, wakachukua baisikeli na karanga. Twamshukuru Mungu kwamba hawakumdhuru mwili wake. Yeye hakutulaumu hata kidogo. Siku ya tatu tulikwenda kwa baba yake, tumeandaa maneno mengi ya pole. Mzee alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, mlikuwa wangapi?" Tukamjibu kwamba tulikuwa watano. Hakusema neno la pili.

Ada ile tuliilipa sisi walimu wanne, kila mtu akiuza kitu chake, na kijana alifanya mtihani. Lakini swali la mzee yule halikulipika. Tulikuwa watano, na mwanawe alikuwa peke yake.

Wako wanaofikiri kwamba ushujaa ni kutomhitaji mtu. Mwaka 1913, katika mashindano makubwa ya baisikeli ya Ufaransa, Tour de France, alikuwako Mfaransa mmoja, Eugène Christophe. Alipokuwa akishuka mlima uitwao Tourmalet, chuma kinachoshika gurudumu la mbele kilivunjika. Siku zile sheria ya mashindano ilikataza kabisa kusaidiwa. Akabeba baisikeli yake begani, akatembea zaidi ya kilomita 10 mpaka kwenye karakana ya mhunzi, akakifua chuma kwa mikono yake mwenyewe, waamuzi wakimtazama. Mtoto mmoja akamvukutia moto. Basi kwa mvukuto ule waamuzi wakamtoza adhabu ya dakika. Twamsifu Christophe kwa uvumilivu wake. Lakini sheria ile ilifaa mashindano tu, na hata huko haikudumu. Njia ya Baraka si mashindano. Kwetu sisi mtoto avukutaye moto hatozwi, hushukuriwa.

Faida ya kwenda pamoja yajulikana. Katika nchi tambarare, aendaye nyuma ya mwenzake kwa karibu hukingwa upepo, naye huokoa sehemu kubwa ya nguvu zake. Katika njia zetu, ambapo mzigo ni mzito na mwendo ni wa pole, faida ni nyingine: mlimani mmoja hushika usukani na mwingine husukuma nyuma, mtoni wawili huvusha ambacho mmoja asingeweza kuvusha. Tena mwizi huwatazama watu wawili mara mbili. Lakini faida hizo zote zina sharti moja: ya kwamba wenzako wawe karibu. Mwenzako aliye kilomita 5 mbele yako si mwenzako tena, ni msafiri mwingine tu.

Watu wa Fizi na Baraka hawana haja ya kufundishwa neno hili kutoka mbali. Tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka, Padri Luigi Carrara alitoka kanisani akamkuta Bruda Vittorio Faccin ameuawa. Aliamriwa apande gari. Akakataa, akapiga magoti karibu na mwenzake, akauawa papo hapo. Siku ile ile, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Wote wanne walitangazwa wenye heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Hatusemi kwamba kumngoja mwenye mpira uliotoboka ni sawa na kumwaga damu, hasha. Twasema tu kwamba asiyeweza kumngoja mwenzake nusu saa kwa kuogopa mvua, asijidanganye kwamba siku kubwa ikija atasimama naye. Sisi tulijidanganya hivyo.

Kwa hiyo wanafunzi wale tuliwajibu hivi. Kama njia ni fupi na salama, na moyo wako wataka kimya, nenda peke yako bila hofu. Lakini uage nyumbani, utaje njia utakayopita na saa utakayorudi, na uzijaribu breki zako kabla ya mteremko, si katikati yake. Kama njia ni ndefu, tafuta wenzako, nanyi mpatane kabla hamjaondoka. Mwenye mzigo mzito atangulie mbele, mwendo wake uwe mwendo wa wote. Pampu na viraka vikae kwa aliye wa mwisho. Juu ya kila mlima na ng'ambo ya kila mto simameni, mhesabiane. Asiyeweza kukubali hayo, heri aende peke yake. Atajidhuru nafsi yake tu, hatamdhuru mwingine aliyemtumaini.

Yule wa pili akauliza, "Na wewe Mwalimu, siku hizi waenda wapi katika msafara, mbele au nyuma?"

Tukamwonyesha pampu iliyofungwa kwenye baisikeli yetu. Twaenda nyuma.