Simu Ni Yako, Ufunguo Ni wa Nani?

Jembe likivunjika mpini, unachonga mwingine na kuendelea kulima. Simu janja haiko hivyo, na ni vizuri ujue sababu kabla hujatoa hela ya mavuno.

Simu yangu ya kazi ina kioo kizima na betri inayokaa siku nzima. Lakini kampuni iliyoitengeneza imeacha kuiletea masasisho, na programu ninayotumia kusajili wakulima imegoma kufunguka. Fundi alitaka kuiwekea mfumo mpya zaidi, akashindwa. Simu imefungwa tangu kiwandani: haipokei mfumo usio na saini ya kampuni. Hakuna kilichoharibika, ila natakiwa kununua nyingine.

Kinachoniuma ni kwamba ndani ya kila simu ya Android kuna Linux, kiini kinachounganisha programu na kioo, kamera na laini yako. Linus Torvalds alikianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Maelfu ya watu wamekiendeleza hadharani, na kampuni hukichukua bure. Leseni yake, GPL toleo la 2, ina sharti kubwa: ukimpa mtu programu hii, iwe vilevile au umeibadilisha, mpe na msimbo wake.

Kuna watengenezaji wanaotoa msimbo huo, kisha wanafunga kifaa. Unaruhusiwa kuurekebisha, lakini simu yako inaukataa. Ni kama kupewa mbegu bure halafu shamba lako likawekewa geti lenye ufunguo wa mtu mwingine. Mfano uliovuma ni TiVo, kifaa cha kurekodi televisheni cha Marekani. Mwaka 2007 Free Software Foundation ilitoa GPL toleo la 3 kuzuia mtindo huo. Torvalds hakukubali kulitumia. Kwake yatosha msimbo kurudishwa. Linux ikabaki na toleo la 2.

Tuseme ukweli, kufuli lina kazi yake. Linazuia mwizi au programu mbaya kuchezea mfumo unaobeba pesa zako za simu. Tatizo ni pale mwenye mali anaponyimwa ufunguo. Zipo simu, kama Pixel nyingi, ambazo mwenyewe anaweza kuzifungua, ingawa kufungua hufuta kila kitu na baadhi ya programu za benki hugoma.

Kwa hiyo, kabla hujalipa:

1. Uliza masasisho ya usalama yataendelea hadi mwaka gani. Simu mpya dukani inaweza kuwa ya toleo la zamani.

2. Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu Simu, usome toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho.

3. Kwa simu ya mkopo, uliza itafungwa baada ya kuchelewa siku ngapi, na kufuli litaondolewa lini ukimaliza deni. Dai jibu kwa maandishi.

4. Kwa simu iliyotumika, mwenye nayo aondoe akaunti yake ya Google mbele yako. Asipoondoa, ukiifuta itadai nywila yake.

5. Muulize fundi kama aina hiyo inaruhusu mwenyewe kuifungua.

Muuzaji asiyeweza kujibu maswali haya, mwache na simu yake. Duka la pili halipo mbali.