Kupanda Acropolis kwa kiti cha magurudumu

TEMBEA uone, walinena wahenga. Lakini je, yule ambaye miguu yake haitembei, asione? Swali hili hutujia wengi wetu tunaotumia viti vya magurudumu kila tunapotazama picha za miji mikongwe ya Ulaya. Ngazi za mawe, vichochoro vyembamba na malango yaliyojengwa kabla ya mtu yeyote kuwazia lifti. Aghalabu tunafunga kitabu na kubaki nyumbani.

Athens, mji mkuu wa Ugiriki, ni mmoja wa miji hiyo. Fahari yake ni Acropolis, kilima cha mawe chenye kilele kilicho mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko juu limesimama Parthenon, hekalu la mungu wa kike Athena, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka wa 447 Kabla ya Kristo. Kwa mwenye miguu timamu, kufika huko ni jasho tu. Kwangu mimi na kiti changu, ilitegemea iwapo wenye mji walitukumbuka.

Kutoka uwanja wa ndege

Safari ya mlemavu huanza kwa simu. Shirika la ndege lapasa kuarifiwa angalau saa 48 mapema kwamba abiria anatumia kiti cha magurudumu. Katika viwanja vya nchi za Umoja wa Ulaya, msaada wa kupanda na kushuka ndege hautozwi chochote. Ni haki iliyowekwa na sheria ya mwaka wa 2006.

Niliandamana na mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo. Kutoka uwanjani tuliabiri treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha Syntagma, katikati ya mji. Hapo tulibadilisha treni, na kituo kilichofuata kilikuwa Acropolis chenyewe. Vituo hivi vina lifti, na sakafu ya treni inakaribiana na jukwaa la kituo hivi kwamba sikuhitaji kubebwa. Kwa mtu aliyezoea kuinuliwa na makanga kama gunia la viazi, hilo pekee lilitosha kunifurahisha.

Pikipiki njiani

Hata hivyo, furaha hiyo haikudumu. Njia za miguu za Athens ni nyembamba, na nyingi zimepandwa michungwa katikati. Palipo na nafasi, mtu ameegesha pikipiki. Kwenye pembe nyingi za barabara, ukingo umechongwa ili kiti kishuke, lakini gari limesimama papo hapo. Mara kadhaa mpwa wangu alinishusha barabarani tukaenda sambamba na magari, jambo ambalo wakazi wa Nairobi hawahitaji kuelezwa.

Mtaa wa kale wa Plaka, ulio chini ya kilima, unapendeza kwa vibanda na mikahawa yake, lakini vijia vyake vinavyopanda mlimani hugeuka ngazi bila taarifa. Afadhali kubaki sehemu ya chini. Kwa upande wa kusini kuna barabara pana ya Dionysiou Areopagitou, isiyoruhusu magari. Hapo niliendesha kiti changu mwenyewe, polepole, huku nikitazama Parthenon juu yangu.

Lifti ya kilimani

Mwaka wa 2004 Athens iliandaa Michezo ya Olimpiki ya Walemavu. Wakenya wanaikumbuka, kwa kuwa Henry Wanyoike, mwanariadha asiyeona, alinyakua dhahabu katika mbio za mita 5,000 na mita 10,000. Kwa ajili ya michezo hiyo, lifti iliwekwa kwenye ubavu wa Acropolis. Baadaye ilichakaa na kuharibika, na walemavu wakawa wanafika langoni na kurudi walikotoka.

Lifti mpya ilizinduliwa Desemba 2020 kwa ufadhili wa Wakfu wa Onassis. Iko upande wa kaskazini wa kilima, mwendo mfupi kutoka lango kuu. Mlinzi alitusindikiza, mlango ukafungwa, nasi tukaanza kupanda kando ya jabali huku nyumba nyeupe za Athens zikitandazwa chini yetu.

"Mjomba, wenzetu bado wanahema kwenye ngazi!" mpwa wangu akacheka.

Juu kuna njia ya saruji inayofika karibu na Parthenon. Nilisimamisha kiti mbele ya nguzo zile nikanyamaza kwa muda mrefu.

Saruji yazua kelele

Njia hiyo ya saruji ilizua ubishi mkubwa. Baadhi ya wataalamu wa mambo ya kale walilalamika kwamba inaharibu sura ya mahali patakatifu. Serikali ilijibu kwamba kati ya saruji na mwamba kumewekwa utando, ili njia iweze kuondolewa siku moja bila kuudhuru mwamba.

Wanaolinda mawe hayo wana sababu, maadamu yakiharibika hayarudi. Lakini historia yenyewe ina ushahidi wake. Katika enzi ya Parthenon, waliopanda Acropolis hawakupitia ngazi kuu. Palikuwa na njia pana ya kupanda taratibu, upana wake mita 20 hivi na urefu wake mita 80 hivi, ambako ng'ombe wa kafara waliswagwa hadi juu wakati wa sherehe za Athena. Ngazi kubwa ziliwekwa na Warumi katika karne ya kwanza Baada ya Kristo. Basi asiyeweza kupanda ngazi si mgeni aliyezuka juzi kudai mji ubadilishwe.

Isitoshe, ukitazama chini upande wa kaskazini magharibi utaona hekalu la Hephaestus, mojawapo ya mahekalu ya Kigiriki yaliyohifadhika vizuri zaidi. Hephaestus alikuwa mungu wa wahunzi, na Wagiriki walimsimulia kama mungu aliyechechemea. Mlemavu alijengewa hekalu. Mlemavu wa leo anaomba njia tu.

Kabla hujafunga virago

Usikose Makavazi ya Acropolis, yaliyofunguliwa mwaka wa 2009 chini ya kilima. Yana lifti, sakafu laini na nafasi tele, na sehemu ya sakafu yake ni kioo kinachoonyesha magofu yaliyochimbuliwa chini yake.

Epuka kiangazi. Julai 2023 joto lilikuwa kali hata Acropolis ikafungwa saa za adhuhuri. Aprili au Oktoba ni bora. Asubuhi ya ziara, piga simu uhakikishe lifti inafanya kazi. Na hoteli ikikwambia ina lifti, usitosheke. Uliza upana wa mlango wa lifti na wa bafu kwa sentimita, na idadi ya ngazi za mlangoni. Tuliyofikia sisi ilikuwa na lifti nzuri, ila ngazi tatu za kuifikia.

Familia nyingi hupanga safari na kumwacha mlemavu nyumbani, wakidai wanamhurumia. Wakimwuliza kwanza, huenda wakashangaa ni wapi angependa kwenda. Safari njema.