Bibie anakuja Songea, nimpeleke wapi?

Wapenzi wasomaji, wiki hii naomba tukae kikao. Kuna bibie anakuja Songea. Si mgeni wa kupita, ni mchumba, mzaliwa wa Kinondoni, na tangu azaliwe hajavuka Iringa. Anaingia Ijumaa asubuhi, anaondoka Jumatatu alfajiri. Ndani ya siku hizo tatu ataamua jambo moja: tukishaoana tuishi huku, au mimi nibebe virago nikapange chumba Dar es Salaam. Kwake Songea ni kule mahindi yanakotoka. Kwangu ni nyumbani, na mama yangu yuko peke yake. Kwa hiyo mnaona wenyewe, hii si wikiendi ya kutanua tu. Hii ni kampeni!

Halafu bibie huyu ana kipimo chake. Aliwahi kwenda Zanzibar wakati wa Sauti za Busara, akalala siku mbili Mji Mkongwe, akasikiliza muziki ndani ya Ngome Kongwe mpaka usiku wa manane. Tangu hapo ukimtajia mji wowote atakuuliza, "Una historia? Una muziki?" Kama huna, basi, jina limekatwa.

Nikalipeleka suala hili kijiweni. Vijana wenzangu hawakuchelewa. "Mpeleke kitimoto, jioni bia mbili tatu, usiku disko, mchezo umekwisha." Nikawauliza, jamani, kitimoto Dar hakuna? Disko halipo? Mtu asafiri kilomita zaidi ya 900 aje kula kile alichokiacha Sinza? Nikawaambia mimi Jumamosi asubuhi nampeleka Makumbusho ya Majimaji, pale Mahenge. Ebo! Kijiwe kizima kikaangua kicheko. "Unampeleka mchumba makaburini? Utaachwa saa nne asubuhi!"

Wacha wacheke. Mimi nina hesabu zangu.

Kwanza mwezi. Yeye alitaka Desemba, nikamwambia aje mwishoni mwa Februari. Mvua ipo, sikumficha, aje na sweta na viatu vya kukanyagia tope. Lakini huo ndio mwezi wa kumbukizi ya mashujaa wetu, na kilele chake ni tarehe 27. Tarehe hiyo, mwaka 1906, Wajerumani waliwanyonga hapahapa mjini mashujaa zaidi ya 60 wa vita ya Majimaji, akiwemo Nkosi Mputa Gama. Wakazikwa katika kaburi la pamoja. Kati ya walionyongwa alikuwepo mwanamke, Nduna Mkomanile, na huyo ndiye nataka bibie amjue kabla ya wote. Mtu anayeniambia kila siku kwamba huku bara wanawake tunawaweka jikoni, aje aone jina la mama huyo kati ya majina ya majemadari.

Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, aliuawa siku chache baadaye, na kaburi lake liko kando, peke yake. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Hizi si hadithi za kumtisha mtoto alale. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani mwenyewe, Frank-Walter Steinmeier, alikuja mpaka kwenye makumbusho hayo, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba radhi. Miaka zaidi ya 100 imepita na bado watu wanasubiri kichwa cha babu yao! Sasa mji kama huo utasema hauna historia?

Na kama ni lazima tulinganishe na Zanzibar, haya tulinganishe. Kile kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho bibie anakihusudu, kilianzishwa mwaka 1905. Mwaka huohuo Kinjikitile kule Ngarambe alikuwa anagawa maji, na kabla mwaka haujaisha maji hayo yalikuwa yamefika Ungoni. Pwani walikuwa wanakaza nyuzi za udi, huku watu wanashika mikuki. Nchi moja ya leo, mwaka mmoja. Hilo nimelihifadhi, nitamtolea pale pale makaburini akianza kununa.

Tukija kwenye muziki, hapo ndipo pana utamu. Siku za kumbukizi, uwanja uleule ambao mkuki na ngao vinawekwa kwa mashujaa, ndipo ngoma zinapopigwa. Nilikuwa na wasiwasi kidogo na jambo hili, kwamba mtoto wa mjini ataona hatuna adabu, tunacheza juu ya wafu. Nikamuuliza mzee mmoja jirani yetu ambaye ujana wake wote aliumaliza kwenye mganda. Akanitazama kama vile nimeulizia bei ya hewa. "Kwani sisi tunaombolezaga kwa kukaa kimya?" Akaendelea na ulanzi wake.

Lizombe ndiyo ya Wangoni wenyewe, ngoma ya kukanyaga ardhi kwa nguvu, na ukisimama karibu utaisikia kwenye kifua kabla ya masikio. Kioda ni ya akina mama, wamevaa sare, wamepanga mstari, wanakwenda taratibu kwa maringo mpaka unatamani mstari usifike mwisho. Lakini mimi karata yangu ni mganda. Ngoma hiyo ya wanaume inatoka upande wa Ziwa Nyasa, na Malawi wanaiita malipenga. Wachezaji wanavaa nadhifu, wanakwata kama askari, na midomoni wana vibuyu vinavyotoa sauti ya tarumbeta. Babu zetu waliwaona askari wa kikoloni na brasibendi zao, tarumbeta za shaba hawakuwa nazo, wakachukua kibuyu! Hata vyeo walijipa. Mtu aliyekwenda Ngome Kongwe kusikiliza muziki akikosa kucheka na kushangaa hapo, basi mimi na yeye tuna matatizo mengine.

Mambo mengine nayapitia haraka. Usafiri, atapanda basi la usiku Alhamisi, maana tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku. Njombe litampiga baridi, ndiyo maana nimesisitiza sweta. Kulala, atalala kwa shangazi. Gesti hapana, mahari haijaisha na mama hataki maneno ya majirani. Jumamosi usiku, sawa, tutatoka kidogo na wale wa kijiweni, wasije wakasema nimeringa. Jumapili asubuhi ni misa Peramiho, kama kilomita 24 kutoka mjini. Wabenedikto walifika pale mwaka 1898, na kanisa lao utadhani limehamishwa zima zima kutoka Ulaya. Mbamba Bay nimeifuta. Ziwa ni zuri, na lami sasa inafika, lakini kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 300, na mimi sitaki aikumbuke Songea kwa maumivu ya kiuno.

Bajeti msiniulize. Nimeuza gunia mbili za mahindi na bado natafuta nauli ya bodaboda za siku tatu.

Limebaki suala la chakula, na hilo mama ameliteka. Juzi kaniuliza, "Huyo mwanao wa Dar anakula mbelele, au ni wa chipsi?" Nikampigia simu bibie. Akajibu, "Mbelele ndiyo nini?" Nikamweleza ni samaki wa ziwani kwetu, akasema ataona akifika. Mama ameshaagiza kilo tatu kutoka Mbamba Bay, na kuna jogoo mmoja amefungwa mguu nyuma ya nyumba, kwa tahadhari.