Plastiki Ijulikane Kwanza, Ndipo Gundi Ichaguliwe

Ni nadra siku hizi kuikuta nyumba isiyokuwa na plastiki. Huko Tiira, mahali panapojulikana kwa dhahabu yake katika wilaya ya Busia nchini Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, plastiki imo katika kila kazi. Mchanga wenye dhahabu huoshwa katika mabeseni, maji huchotwa kwa majerikeni na kupitishwa katika mabomba, na watoto huchezea vigari na vindege. Chombo kinapopasuka, wengi hukimbilia dukani kununua gundi yoyote iliyopo. Baada ya siku mbili ufa hufunguka tena, na lawama humwangukia mwenye duka. Mara nyingi kosa si la gundi. Kosa ni kudhani kwamba plastiki zote ni moja.

Wazee wa mpakani wanazikumbuka bodaboda za baiskeli, zilizoanza hapo Busia katika miaka ya 1960, zikivusha wasafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine. Fundi aliyeziba mipira ya baiskeli hizo alitumia solusheni, nayo ilishika barabara kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya mpira. Solusheni hiyo hiyo ikipakwa kwenye jerikeni, hubanduka kama gamba.

Zipo gundi zinazoshikilia tu, na zipo zinazoyeyusha. Vindege vya mfano, vinavyouzwa vipande vipande ili mtoto aviunge mwenyewe, hutengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo polistirini. Mifano ya namna hii si ya watoto peke yao: katika Vita Kuu ya Pili majeshi yalitumia ndege za mfano kuwafundisha askari kutambua ndege za rafiki na za adui. Gundi inayofaa hapa ni ile ya majimaji inayolainisha kingo za vipande viwili mpaka zikawa kitu kimoja. Kwanza vipande hujaribiwa vikiwa vikavu, na rangi hukwanguliwa mahali pa kuungia. Kisha gundi hupitishwa kwa brashi ndogo kwenye mstari wa kiungo, nayo huingia yenyewe. Gundi ikizidi, bawa zima huharibika. Mabomba ya PVC nayo yana gundi yake inayoyeyusha. Huachwa yakauke vizuri kabla ya kufunguliwa maji.

Gundi ya haraka, ambayo wengi huiita supaglu, ina asili ya kivita. Mwaka 1942, Harry Coover na wenzake wa kampuni ya Kodak, Marekani, walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya vifaa vya kulengea shabaha. Walipata kitu kilichonata kila mahali, wakakitupilia mbali. Ilipofika mwaka 1958 kikaanza kuuzwa kama gundi. Tone moja hutosha, na vipande sharti vikutane bila nafasi kati yao. Hata hivyo isitumiwe kwenye kioo cha rubani wa ndege ya mfano, kwa maana mvuke wake hukitia ukungu mweupe. Hapo gundi nyeupe ya mbao hufaa zaidi.

Jerikeni na beseni ni habari nyingine. Plastiki yake haikubali gundi za kawaida. Gundi husimama juu yake kama maji juu ya jani la magimbi. Ili kuitambua, kipande kidogo hukatwa na kutiwa majini. Kikielea, hiyo ni jamii ya jerikeni na beseni. Kikizama, yaelekea ni polistirini, PVC au nyingine ya jamii zinazokubali gundi. Inayoelea huzibwa kwa moto: kipande cha jerikeni kuukuu la aina ile ile huwekwa juu ya ufa, na chuma kilichopashwa huviyeyusha pamoja bila kuviunguza. Kazi hiyo ifanyiwe nje penye upepo. PVC isichomwe kabisa, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

Katika sehemu ya machimbo, ipo hadhari iliyo kubwa kuliko zote. Jerikeni lililowahi kutiwa zebaki ya kukamatia dhahabu, au dawa ya kunyunyizia mimea, lisizibwe kamwe kwa ajili ya maji ya nyumbani. Sumu hubaki ndani ya plastiki hata baada ya kuoshwa mara nyingi. Litobolewe, ili asije mtu akalitumia bila kujua. Uchumi wa shilingi chache haulingani na afya ya mtoto.

Gundi zenyewe pia zina madhara. Zile za kuyeyusha hushika moto upesi, kwa hiyo zikae mbali na jiko na taa. Harufu yake huumiza kichwa, na mtoto aliyezoea kuivuta kwa makusudi huharibu ubongo wake. Chupa ifungwe na kuwekwa juu. Vidole vikigandana kwa supaglu, viloweshwe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, visivutwe kwa nguvu. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi na mtu apelekwe zahanati mara moja.

Askari anapokuwa likizoni, saa moja ya kuunga ndege pamoja na wanawe si saa iliyopotea. Watoto watajifunza kupima, kungoja na kutofanya pupa, mambo ambayo baba yao aliyajifunza kambini. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, ndivyo wahenga walivyosema. Lakini mwenye kuziba naye sharti aujue kwanza ukuta wake.