Wakili wa Mama

Pale kwetu Voi nimekuwa wakili tangu siku matokeo ya KCSE yalipotoka, kabla hata sijafungua kitabu kimoja cha sheria.

Mama ndiye alianza. Baba alifariki nikiwa Form Three, shamba likabaki kwa jina lake, na baba mdogo akaanza kulikodisha kipande kwa kipande. Watu walipomwambia Mama atafute wakili, aliwajibu, "Wa nini? Wangu bado yuko jikoni, anaiva."

Hesabu yake ilikuwa rahisi: nimalize chuo, nirudi. Nani angemweleza kwamba digrii ya sheria ni miaka minne, na ukiimaliza bado wewe si wakili? Kuna Kenya School of Law kule Karen, na karo ya kukupa kizunguzungu. Kuna mitihani tisa. Kuna miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili, ambayo mimi niliifanya bila mshahara, lunch ikiwa smokie na chai. Ukipita yote, ndipo unakula kiapo mbele ya Jaji Mkuu.

Mimi nilipita karatasi nane. Ile ya tisa ikanibwaga. Ilikuwa ya mirathi. Cheka tu. Hata mimi nilicheka, ndani ya matatu ya Rongai, machozi yakinitoka.

Lakini si hiyo inayoniuma. Mwaka wa tatu chuoni nilijifunza kwamba mjane halazimiki kuwa na wakili ndio aombe usimamizi wa mali ya mumewe. Anaweza kwenda kortini mwenyewe na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi, ajaze fomu, tangazo litoke kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, watu wapewe siku 30 za kupinga.

Sikumwambia. Kila akinipigia, "Wakili wangu, bado miaka mingapi?" nilijiona mtu. Nilipenda kungojwa.

Baada ya matokeo nilipanda basi la usiku nikamwambia yote mawili: nimefeli, na hukuwa unanihitaji. Alikuwa anasonga ugali. Akanyamaza.

"Kwa hivyo shamba linaliwa miaka mitatu, na wewe unajua?"

"Ndiyo, Mama."

Usiku huo hatukuongea tena. Asubuhi akavaa nguo ya kanisani, akaniuliza ofisi ya chifu inafunguliwa saa ngapi.

Fomu za korti alikuja kuzijaza mwenyewe, kwa mkono wake, mimi nikimshikia mkoba. Mtihani nimejiandikisha kuurudia. Lakini siku ninayoikumbuka ni ile ya kwa chifu. Karani aliandika majina ya warithi, kisha akanitazama.

"Na huyu ni nani?"

Nilingoja lile jina langu la kila siku.

"Mtoto wa marehemu," Mama akasema.

Karani akaandika.