Udongo Ulichimbwa Wapi?

Wazee wa Mbale wakisikia kwamba nililiacha kanisa nikiwa kijana, hunitajia Semei Kakungulu. Hawakosei. Jemadari yule Mganda, aliyeuanzisha mji wao mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa Mprotestanti. Baadaye akajiunga na wafuasi wa Malaki waliokataa dawa za hospitali, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, akajitangaza Myahudi. Jamii ya Abayudaya aliyoiacha ingali ipo kwenye kilima cha Nabugoye. Kakungulu alitolewa kanisani na Biblia yenyewe, kwa kuisoma mno. Mimi nilitolewa na sinema ya Kihindi, na utenzi wenye sauti ya mwanamke wa Kiacholi.

Nilizaliwa Jinja, mtaa wa Walukuba, kwenye nyumba za wafanyakazi. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, umeme wake ukavuta viwanda, na Baba akashuka kutoka Bugisu kufuata kazi katika kiwanda cha nguo cha Nytil. Majirani zetu walikuwa Wasoga, Wajaluo, Waluhya na Wateso, na uani tulizungumza Kiswahili. Baba alikuwa mlokole, mtu wa Uamsho, vuguvugu la Wakristo waliookoka. Walokole waliungama mbele ya wenzao, kila dhambi kwa jina lake, iwe wizi wa kitambaa kiwandani au chuki dhidi ya ndugu. Nasema hili kwa heshima: sijaona tena watu wazima wakiambiana ukweli namna ile.

Sinema kwao ilikuwa mambo ya dunia. Shangazi yangu hakuwa mlokole, na mwaka 1971 alinipeleka mjini kwa siri kutazama Mother India, filamu ya Mehboob Khan ya mwaka 1957 iliyokuwa bado ikirudiwarudiwa. Mama mmoja wa Kihindi aliyekaa kando yangu aliona sielewi, akaanza kunitafsiria kwa Kiswahili chake cha dukani. "Sasa iko vuta jembe yeye mwenyewe, binti. Ng'ombe hapana." Akaendelea hivyo mpaka mwisho, huku akijifuta machozi kwa ncha ya sari.

Radha, aliyeigizwa na Nargis, anawalea wanawe peke yake katika njaa na deni. Mmoja wao, Birju, anageuka jambazi na kumteka binti wa mkopeshaji siku ya harusi yake. Mama anashika bunduki na kumwambia amwachilie. Birju hamwachilii. Mama anafyatua, kisha anamkimbilia na kumpakata mpaka anakata roho.

Habari ya Ibrahimu na Isaka nilikuwa nimeisikia tangu nikiwa mgongoni, na kila mara malaika aliwahi kufika. Katika ukumbi ule malaika hakufika. Yule mama alijua kwamba haji, akatenda alichoona ni haki kwa msichana wa watu, kisha akaishi nacho mpaka uzeeni. Nilitoka nje nikitetemeka. Nilikuwa nimefundishwa kwamba pasipo Mungu wa kuagiza na kuzuia, mtu hawezi kubeba jambo zito. Nilikuwa nimemwona mtu akilibeba, na ukumbi mzima, Wahindi kwa Waafrika, ukilia naye.

Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 za kuondoka. Yule mama sikumwona tena. Madhvani, wenye kiwanda cha sukari cha Kakira, waliondoka, na wenye maduka ya Main Street pia. Katika kikundi chetu cha maombi walikuwepo waliosimama kumshukuru Mungu kwa maduka waliyotarajia kugawiwa, na wengine wakaitikia Amina. Baba hakuitikia. Niliinama nikitazama sakafu, na tangu jioni hiyo sikuweza tena kuomba kwa sauti.

Mwaka uliofuata nilikuwa katika shule ya bweni karibu na Mbale, chini ya mlima Wanale. Mwalimu wa fasihi alitupa Song of Lawino ya Okot p'Bitek, iliyotoka mwaka 1966. Okot mwenyewe alikuwa Mkristo ujanani, na imani ile ilimtoka alipokuwa akisoma Oxford. Lawino wake anaingia darasa la dini jioni, anakaririshwa maneno asiyoyaelewa, na akitaka kuuliza, walimu wanakasirika. Anataka kujua jambo la kawaida kabisa ambalo mfinyanzi yeyote angeuliza: kama Mungu aliumba vitu vyote, udongo wa kuumbia aliuchimba wapi?

Swali hilo nilikuwa nalo tangu mafundisho ya kipaimara, ila sikudhani kwamba mtu mzima angeweza kulichapisha. Nililisoma tena na tena. Kilichonishika zaidi kilikuwa furaha yake Lawino. Ana ngoma, ana shamba, ana nyimbo za kwao, na anauliza akiwa amesimama wima. Mimi nilidhani atakayeuliza atabaki mkiwa.

Likizo ya mwaka 1974 nilipanda basi la kupitia Tororo na Iganga hadi Jinja, nikamwambia Baba kwamba siamini tena. Hakunipiga. Ibada ya jioni ilipofika alisimama mbele ya kikundi, nami nimekaa palepale, akaungama kwamba ameshindwa kumlea binti yake. Ningeipokea fimbo kwa urahisi zaidi.

Februari 1977 Askofu Mkuu wa Anglikana, Janani Luwum, aliuawa chini ya utawala wa Amin, na Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani. Imani haikuwa imerudi. Wale walikuwa watu wangu na walikuwa wakichinjwa, na nyimbo zao nazijua sauti zote nne. Niliimba. Sioni mpaka leo kwamba nilidanganya.

Kisha ikaja miaka ya ukimwi. Nilikuwa mwalimu Jinja, na tulizika wanafunzi, walimu wenzetu, majirani. Makaburini nilisikia wahubiri wakisema huu ndio mshahara wa dhambi, mbele ya wajane ambao wenyewe walikuwa wamekwisha kukonda. Mwaka 1989 Philly Lutaaya, mwanamuziki aliyekuwa akiishi Sweden, alijitokeza hadharani kusema ana ukimwi. Kabla yake hakuna mtu mashuhuri wa Uganda aliyekuwa amefanya hivyo. Akazunguka mashuleni na makanisani akijieleza, na akaimba "Alone" kuhusu hofu na upweke wa mgonjwa. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 38.

Baba alikuwa kwangu siku niliyoiweka kaseti ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba niirudishe mwanzo. Kisha akasema, "Mwanangu, huyu ameungama. Sisi siku hizi tunaungama dhambi za wengine." Tulinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza swali ambalo nilikuwa nikilisubiri tangu 1974: "Kile kitabu chako cha Mbale, kilisema nini hasa?"

Nilimsomea sura ile ya Lawino, nikitafsiri kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Kwenye swali la udongo alicheka, akasema mama yake, aliyekuwa akifinyanga vyungu, angeuliza vilevile. Alikufa akiwa mlokole, mimi nikiwa nilivyo, na hatukugombana tena.

Nyinyi wazazi ambao mtoto wenu ameacha kwenda ibadani, kabla ya kumwita mchungaji, kaeni naye mumuulize anasoma nini na anasikiliza wimbo gani. Msisubiri miaka kumi na mitano.